Sindano Imenichagulia Mume

Mama Esnah mpendwa,

Nakuandikia nikiwa ndani ya ghala la mahindi, nimeuzuia mlango kwa mguu, kwa sababu hapa nyumbani kwetu Sironga hakuna mahali pengine ambapo msichana anaweza kuandika barua bila kuulizwa anamwandikia nani, na ukiona mwandiko wangu unapanda na kushuka usidhani ni machozi, ni magunzi ninayokalia. Ukurasa wako huwa nausoma kabla mama hajafungia sabuni gazeti, na siku zote nilikuwa nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema hawa watu hujiingizaje katika mambo kama haya, na sasa nitazame mimi. Tafadhali jina langu usilitaje. Mimi ni mtu wa aibu sana. Nikiambiwa nitasoma fungu kanisani siku ya Sabato, naanza kuugua tumbo Jumatano.

Nina miaka kumi na tisa na nimemaliza mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu huko Nairobi, ambako nasomea shahada ya biashara. Ndani ya shahada hiyo kuna somo moja geni kabisa, hata walimu wenyewe hulifundisha jicho moja likiwa kwenye kitabu, nalo linahusu jinsi kampuni inavyokusanya habari zake, inavyozipanga, inavyoziweka, na inavyompa meneja ile habari anayoihitaji kabla hajaamua jambo. Kompyuta imo pia katika somo hilo. Tulionyeshwa siku moja kupitia dirisha la kioo, ni kubwa kama zizi la ng'ombe na inalindwa na mtu wa koti jeupe, na ilipowasha taa zake mimi nikajikuta nimeinama kidogo kuisalimu, jambo ambalo wenzangu hawajalisahau mpaka leo.

Basi likizo hii ndefu tulipewa kazi ya kufanya. Kila mmoja aende kwao, atafute shirika lolote, achunguze jinsi linavyokusanya habari, halafu alitengenezee njia iliyo bora na aandike ripoti. Wenzangu walichagua benki, wengine bohari la kahawa. Mimi niliamua kwenda kiwanda cha chai, nikavaa viatu, nikafika mpaka kwenye lango, askari akaniuliza, "Unamtaka nani?" nami nikamjibu, "Nimepotea njia," na nikarudi nyumbani nikikimbia.

Ndipo nikamchagua shangazi.

Shangazi yangu Eucabeth, dada ya baba, ni esigani, yule mtu ambaye kwetu hutumwa kuupeleleza ukoo wa mchumba kabla ng'ombe yeyote hajatolewa zizini. Watu wa pwani watasema huyo ni mshenga, lakini mshenga hupeleka maneno na esigani huyaleta. Shangazi hutia ndizi kwenye kikapu kana kwamba anaenda sokoni, halafu anapita kwa jirani wa yule mchumba kuomba maji ya kunywa, anakaa, anasifu mbuzi, na akiondoka anajua ni nani katika ukoo ule hulewa, ni nani aliyepigania mpaka wa shamba, na kama kuna bibi anayesemekana hutembea usiku bila nguo. Nikaona hii ni idara kamili ya habari, ila tu habari zote zimewekwa kichwani mwa mtu mmoja mwenye magoti mabaya.

Nikamtengenezea kadi. Kompyuta ya kweli hutumia kadi zenye matundu, lakini kuna njia nyingine ya kimaskini ambayo mwalimu wetu alituonyesha, haihitaji umeme, inahitaji sindano ndefu tu. Nilikata maboksi ya sabuni yakawa kadi, kila mwanaume anayetafuta mke na kadi yake. Ukingoni mwa kadi nikatoboa matundu, kila tundu swali lake: si wa ukoo wetu? hanywi pombe? ana kazi? hana mke? kwao hakuna ugomvi? kwao hakuna uchawi? Jibu likiwa zuri, unalikata lile tundu kwa makasi mpaka ukingoni, likabaki wazi kama pengo la jino. Jibu likiwa baya unaliacha lilivyo. Halafu unazipanga kadi zote pamoja, unapitisha sindano katika tundu la pombe, unainua, unatikisa. Walevi wanabaki wakining'inia kwenye sindano na wasiokunywa wanadondoka chini. Wale waliodondoka unawaokota, unawapitishia tundu lingine, na kuendelea hivyo hivyo.

Mama Esnah, sikutegemea watu wangependa namna ile. Sindano yenyewe ni ya mama, ya kufumia. Alikuwa akimfumia baba sweta, na nilipoichukua kazi ikasimama, na baba amekataa kungoja, anaenda kuuza majani chai akiwa na sweta ya mkono mmoja, akiulizwa anasema Nairobi ndivyo wanavyovaa. Shangazi aliponiona nikitikisa mara ya kwanza, na walevi wote tunaowajua wakabaki juu na wengine wakaanguka, alipiga kelele, akaninyang'anya sindano, akatikisa mwenyewe, akapiga kelele tena. Tangu siku hiyo sindano inakaa ndani ya kilemba chake. Haendi tena kwa majirani. Anasema magoti yamestaafu, elimu imefika. Wageni wanakuja wenyewe, wake kwa waume, wanaketi kwenye nyasi kama watu wa kliniki.

"Eucabeth," alisema mama mmoja wa kanisani, "hebu niulizie hiyo sindano, kuku wangu mwekundu alienda wapi?"

"Sindano ni ya waume tu," shangazi akamjibu.

"Basi na jogoo wangu je?"

Shangazi alifikiri kwanza, Mama Esnah. Kweli alifikiri.

Sasa nikueleze kuhusu Mogire, maana ndiye shida yangu. Mogire anauza mitumba huko soko la Daraja Mbili, ni mtu mzima, nywele zimeanza kurudi nyuma, na huvaa bidhaa zake ili wateja wazione, kwa hivyo utamkuta amefunga tai mbili kwa wakati mmoja na kofia ya kike. Alisikia habari za sindano, akaja mwenyewe, akasema, "Na mimi naomba kadi." Alipoulizwa kwao ni wapi alicheka kwanza, halafu akasema ni mbali, upande wa Nyamarambe. Kwa sababu ya yale magoti shangazi akanituma mimi Daraja Mbili nikaulize. Unaweza kufikiri jinsi nilivyoteseka. Nilizunguka mafungu ya ndizi mpaka wakadhani nataka kuiba. Mwisho nikamwendea muuzaji anayeketi karibu naye, nikamuuliza nikitazama chini, kama Mogire hunywa pombe.

"Mimi sijamwona akinywa," akasema.

"Na kwao kukoje?"

"Sijafika kwao."

"Ana mke?"

"Hapa sokoni sijaona mke."

"Ni mtu wa ugomvi?"

"Aa, mambo yake mimi siyajui sana, dada. Muulize yule mama wa viazi."

Mama wa viazi akasema nimuulize yule wa nyanya, na yule wa nyanya akatazama juu, akaniambia mvua inakuja. Kusema kweli nilifurahi kwa sababu walikuwa wafupi wa maneno kama mimi. Nilirudi nyumbani nikachukua makasi. Hapo nilisita kidogo, kwa maana mtu akisema hajui, unakata au hukati? Hata chuoni jambo hili lilinipitia kichwani, mwalimu alipokuwa akifundisha nilitaka kumuuliza, mkono ukapanda, ukafika begani, nikaurudisha nikajikuna shingo. Basi nikafikiri mwenyewe. Hakuna mtu aliyemsema vibaya. Nikakata. Kila tundu. Kadi yake ilipokwisha ilikuwa kama kitana.

Jumapili iliyofuata shangazi aliwamaliza wageni wake wote, akanigeukia mbele ya baba na mama na wale wanawake wa kwenye nyasi.

"Sasa ni wewe. Unataka mume wa namna gani?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Sema, wewe msichana! Wenzako husema. Mwingine ataka mwenye ng'ombe wa maziwa, mwingine ataka asiyekoroma."

"Yeyote tu, shangazi."

"Yeyote! Mnamsikia? Ndugu yangu ameuza ndama asome, halafu yeye ataka yeyote!" Akachomoa sindano kichwani. "Msichana wa Chuo Kikuu atapata mtu asiye na ila hata moja. Tutampitisha matundu yote."

Akaanza. Wa ukoo wetu wakabaki juu. Akapitisha pombe, wakabaki wengi. Joash, yule anayefundisha shule ya msingi hapa chini, alidondoka vizuri kwa ukoo, akadondoka kwa pombe, akadondoka kwa kazi, mimi nilikuwa nikimtazama kwa ajili ya masomo tu, lakini katika tundu la ugomvi akaning'inia, kwa sababu hapa kila mtu anajua nyanya yake aliwahi kumchapa jirani kwa mkungu wa ndizi. Nafikiri hilo si kosa la Joash. Joash mwenyewe ni mpole, hata kuwapiga wanafunzi hapendi. Lakini sindano ni sindano. Mwisho ikabaki kadi moja kwenye nyasi. Shangazi akaigeuza.

"Mogire," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma Maandiko.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilitaka kusema kitu, mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni kikohozi, na mama akasema, "Mnaona, amefurahi mpaka amepaliwa."

Mogire amekwisha kuja kutusalimu. Alifunga tai tatu. Alikunywa chai, akaisifu, akamtazama baba kwa muda mrefu, halafu akasema anaweza kumpatia mkono wa sweta. Sasa baba hasikii la mtu. Watu wa Mogire watakuja rasmi Jumapili ya mwisho ya mwezi huu kuzungumza mambo ya ng'ombe, na shangazi ameshaambia kijiji kizima. Nilijaribu kumwambia baba. Nilimfuata shambani, nikachuma chai pembeni yake mpaka kikapu kikajaa, ndipo nikasema, "Baba, labda sindano imekosea."

Akasimama. "Nani aliitengeneza?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

"Chuo Kikuu."

"Basi kama sindano imekosea, Chuo Kikuu kimekosea," akasema. "Na kama Chuo Kikuu kimekosea, hakuna haja ya kurudi huko. Kikapu unacho mgongoni tayari."

Unaona nilivyobanwa, Mama Esnah? Nikisema sindano yangu ni mbaya, nimeanguka mtihani, ripoti yangu imekufa, na baba ananitoa chuoni. Nikisema sindano ni nzuri, naolewa na Mogire. Naye sijui hata ana ubaya gani, hiyo ndiyo inanichanganya, kwa kadi ni mtu safi kuliko mzee wa kanisa, ila nikifikiria kuketi naye meza moja maisha yangu yote, yeye na tai zake, nasikia baridi. Je, ninaringa? Je, ni dhambi kukataa kitu ulichokitengeneza wewe mwenyewe? Au niolewe tu, niandike ripoti kwamba sistimu ilifanya kazi? Na je, unajua njia yoyote ya kumwambia Joash, yaani kumwambia mtu yeyote kwa jumla, kwamba ugomvi wa nyanya yake si jambo kubwa?

Nisaidie kabla ya Jumapili hiyo, tafadhali. Mama ananiita nikamtolee mahindi na mimi ndiye ninayeuzuia mlango.

Wako mwenye kuona haya,
Msichana wa Kadi, Sironga


MAMA ESNAH ANAJIBU

Mwanangu wa ghalani,

Barua yako nimeirukisha juu ya zote zilizotangulia, na wale wenye matatizo ya mawifi wanisamehe, wataendelea kuvumilia kama walivyozoea. Majina nimeyabadilisha yote. Uliniomba nifiche lako peke yake, ukasahau kwamba Sironga hakuna shangazi wawili wenye sindano kichwani.

Kwanza nikupe pole, kisha nikugombeze. Pole umepata. Sasa tega sikio.

Wewe umelelewa wapi? Umekulia milima hiyo hiyo, umekunywa uji wake, na bado hujui maana ya jirani kusema "sijui sana"? Mimi pia ni wa huko, nilizaliwa karibu na hapo Nyamira. Kwetu hakuna mtu atakayemsema jirani yake vibaya mbele ya esigani, kwa sababu maneno hutembea, na kesho ndoa ikifungwa yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini alitaka kuiharibu. Kwa hiyo mtu mwema atasifiwa hata kabla hujauliza. Watakuambia alivyombeba mgonjwa, watakuambia na jina la ng'ombe wake. Mtu mwenye dosari ndogo utaambiwa dosari yake kwa kicheko, kama hiyo ya nyanya na mkungu wa ndizi. Lakini ukiambiwa "muulize yule," na yule akasema "muulize yule mwingine," na wa mwisho akakuonyesha mvua, hapo umekwisha kujibiwa, tena umejibiwa kwa sauti kubwa. Esigani mwenye akili anachukua kikapu chake na kwenda zake bila kumaliza maji.

Wewe ulipewa jibu hilo na watu watatu, ukaenda nyumbani ukalikatia makasi.

Hebu itazame hiyo kadi yako tena. Wale wengine wote wananing'inia kwa sababu wanajulikana. Mogire amedondoka kila mahali kwa sababu hakuna aliyekuambia chochote. "Hapa sokoni sijaona mke." Ndiyo, hajaonekana! Kwani mke hukaa Daraja Mbili? Huenda yuko nyumbani, upande wa Nyamarambe, anapalilia, amejifunga kanga, hana habari kwamba mume wake amekuwa kitana. Nasema huenda. Mimi simjui Mogire na sitaki kumtia dhambi ambayo hana. Pengine ni mtu mwema aliyehama tu. Lakini hujui, shangazi hajui, baba yako hajui, na mnataka kumpa binti.

Na wewe niliyekuita Eucabeth, ambaye najua utasomewa ukurasa huu na wale wa kwenye nyasi: hukuona haya? Kazi hii umeifanya tangu kabla msichana huyu hajazaliwa. Ungeenda mwenyewe Daraja Mbili ungekuwa umerudi na jibu bila kufungua mdomo. Ukaletewa kitu kinachotikisika, ukasahau kuuliza swali ambalo ungemuuliza mtoto: walisemaje, na waliposema walitazama wapi? Magoti yamestaafu, sawa. Basi yapande gari.

Sasa turudi kwako, maana wewe unaniambia umebanwa. Hujabanwa popote. Unafikiri ukisema sistimu yako ina kosa umeanguka. Nani alikuambia? Hicho unachosomea, kama nilivyokielewa kutoka barua yako, ni namna ya kumpa meneja habari ya kweli kabla hajaamua. Meneja akiuliza kama mteja ni mwaminifu, na karani ambaye hakufuatilia akaandika "hana kosa," meneja atatoa mali yake kwa mwizi, naye atakuwa ameamini karatasi safi. Hiyo ndiyo habari uliyoigundua wewe, nyumbani kwenu, kwa maboksi ya sabuni. Iandike yote! Andika uliuliza nini, wakajibu nini, ukakata nini, na nani alidondoka. Andika kwamba jibu la "sijui" halikatwi wala haliachwi, linawekwa kando kwenye kikapu chake, na hakuna mtu anayeolewa kutoka kikapu hicho mpaka mtu mwingine mwenye miguu amekwenda kuuliza. Wenzako wa benki wataandika kwamba kila kitu kilienda vizuri, na mwalimu wenu atalala katikati ya ripoti zao. Yako ataisoma akiwa amesimama. Na safari nyingine ukitaka kuuliza jambo darasani, mkono ukifika begani usiurudishe. Shingo yako haikuwa ikiwasha.

Fanya hivi, tena uanze leo. Mrudishie mama sindano yake, mzee apate mkono wa pili kabla hajapewa na mtu mwingine. Ukishafanya hivyo mkalishe shangazi, umsomee hayo niliyoyaandika juu yake, polepole, na akimaliza kukasirika mpandishe basi mwende pamoja mpaka Nyamarambe. Bebeni ndizi. Ombeni maji kwa watu. Wewe nyamaza, hilo unaliweza. Mwache yeye azungumze. Mkikuta boma la Mogire lina mke, mtarudi na habari nzuri kwa baba. Mkikuta hakuna boma lolote, hiyo pia ni habari. Na mkikuta watu wanamsifu mpaka mate yanawakauka, basi Mogire ni mtu mwema na kadi yake ilisema kweli kwa bahati, na hata hivyo hulazimiki kuolewa naye. Umeelewa hapo? Uliniuliza kama unaringa. Huringi. Hakuna tundu lililouliza kama wewe unamtaka. Ulipoulizwa ulisema "yeyote," na shangazi akakuchukua kwa neno lako. Kosa la sindano nimelieleza. Hilo lingine ni lako.

Baba yako naye usimfuate shambani kwa mafumbo. "Labda imekosea" ni maneno gani hayo? Mwambie hivi: "Baba, Chuo Kikuu hakijakosea. Mimi nilikata ambapo sikupaswa kukata, na nimejua kwa sababu nimesoma. Ukinitoa sasa, utakuwa umelipia nusu ya akili." Mzee anayevaa sweta ya mkono mmoja mbele za watu anajua uchungu wa kitu kilichoachwa katikati.

Kuhusu huyo Joash, ambaye umemtaja kwa ajili ya masomo tu, na kwa jumla, na kwa sababu ya nyanya yake: shika kitabu. Ana kazi, hanywi, yuko hapo chini, hataruka. Ukimaliza shahada yako na bado moyo unakukimbia ukimwona, utaniandikia barua nyingine, na safari hiyo uiandikie mezani.

Mwisho, kama yote haya yatashindikana na wageni wakafika Jumapili hiyo. Unajua kutakuwa na wakati ambapo baba atakuita kutoka jikoni, mbele ya wazee wa pande zote mbili, akuulize kama mwale hao ng'ombe, yaani kama mahari ipokewe. Wasichana wengi wenye haya hutazama chini wakanyamaza, na wazee husema, "Amekubali." Watakuhesabu hivyo na wewe, mara moja tu, na hakuna makasi yatakayorudisha kilichokatwa. Kwa hiyo anza mazoezi humo humo ghalani. Sema, "Sitaki, baba." Sema tena. Sema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, mpaka mama aje kuuliza ni nani anakusumbua.

Siku hiyo utasimama wima, utamtazama baba yako, utalisema neno hilo mara moja kwa sauti hiyo hiyo, na usiongeze maelezo hata moja. Kisha wamiminie wageni chai. Wametoka mbali.